Kibao Kwa Marselina

Jumatatu, Machi 3

Wamekuja kuchimba shimo korongoni. Nilipowaona wanashuka kwenye toyo ya mizigo na sururu na mifuko ya saruji, moyo uliruka. Niliacha chapati ikaungua kwenye kikaango, nikatoka mbio gengeni na taulo begani: "Karibuni wanangu, karibuni! Hatimaye mmekuja kutujengea kalavati?" Nikawapa chai. Bure! Na maandazi juu yake.

Wakatazamana. Yule mkubwa wao akafuta mdomo akasema, "Hapana mama. Hili ni shimo la kibao."

"Kibao cha nini?"

"Cha barabara. Kipande hiki, kuanzia njia panda mpaka hapa korongoni, kinapewa jina la marehemu Mheshimiwa Onesphory."

Nimeandika jina hilo na kalamu imetoboa karatasi. Mimi Editha nimekasirika mara nyingi maishani mwangu, lakini hasira hii ya leo sina pa kuiweka. Ndiyo maana naandika.

Mahali hapa pana jina tayari. Panda pikipiki Kilosa, panda Mikumi, sema "nishushe Kwa Marselina," utashushwa mlangoni pangu. Marselina ni mdogo wangu, tumbo moja. Genge hili lilikuwa lake. Maji ya korongo hili yalimchukua masika ya mwaka juzi, akaniachia genge na akaniachia mwanawe Siwema. Siwema yuko darasa la sita, na shule iko ng'ambo. Kila siku anavuka pale pale alipofia mama yake. Sasa hapo hapo wanataka kumsimamisha Onesphory!

Laiti ningejua, hata maji ya kunywa nisingewapa.

Jumanne, Machi 4

Wamemwaga zege. Zege zuri, la kokoto safi. Nimelitazama mchana kutwa.

Jumamosi, Machi 8

Sapit amepitisha ng'ombe wake asubuhi, akasimama kunywa chai akiwa ameegemea fimbo, kama kawaida yake. Akalitazama lile zege.

"Mama Editha, huyu wanayemwekea kibao, si ndiye yule wa makalavati?"

"Ndiye."

"Yule aliyeyapeleka shambani kwake?"

"Ndiye huyo huyo, Sapit."

"Basi. Nilidhani nimeambiwa vibaya."

Hata Sapit anajua, na boma lake liko mbali huko juu. Kila mtu anajua! Makalavati manne ya zege yaliletwa na lori, yakashushwa hapa kando ya barabara. Yakakaa, mbuzi wakawa wanalala ndani. Tukaambiwa mafundi wanakuja. Badala ya mafundi likaja trekta la Mheshimiwa Onesphory, diwani wetu. Likayabeba yote manne hadi shambani kwake, akayafukia kwenye mtaro ili matrekta yake ya miwa yapite. Marselina alitoka nje akamuuliza. Akajibiwa, "Ni kwa muda tu, Marselina. Kwa muda." Masika yakaingia.

Asiyejua korongo letu hawezi kuelewa. Maji yake hayatoki hapa. Mvua inanyesha milimani, sisi huku jua linawaka na mahindi tumeanika, mara unasikia ngurumo chini ya miguu na maji yamefika. Marselina alikuwa na khanga nyekundu. Sapit au mwenzake akipiga simu kutoka juu kwamba maji yanashuka, Marselina anaifunga kwenye mti mrefu na kuusimika ukingoni. Wa ng'ambo wakiiona hawavuki. Hata madereva wa malori ya mkaa walikuwa wanaiheshimu.

Siku yake yeye alikuwa ng'ambo, ametoka kusaga, ndoo ya unga kichwani. Jua linawaka. Mimi nilikuwa bado naishi Mikumi wakati ule. Hapakuwa na mtu huku wa kumwekea khanga.

Ijumaa, Machi 14

Mkutano wa kijiji. Nickson, mtendaji wa kata, kijana wa watu kutoka Bukoba, alinikuta mlangoni akainamisha kichwa, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Nimempita. Najua ni vibaya, na nyuma yangu wanawake waliguna, lakini marahaba yangu leo haikutoka.

Akasoma habari za kibao: marehemu alipigania barabara, marehemu alikuwa baba wa maendeleo, sherehe ni Sikukuu ya Muungano, mgeni rasmi atatoka Kilosa. Makofi. Nikasimama.

"Makalavati ya korongo yako wapi?"

Mtu akakohoa. Nickson akapekua karatasi zake akasema, "Mama, hoja ya makalavati haimo kwenye ajenda."

"Sikuuliza ajenda. Nauliza yako wapi."

Mzee mmoja akageuka, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Editha, mtu ameshakufa. Tumwache apumzike."

Na Marselina yuko hai? Mbona yeye hamumwachi apumzike? Walikaa pale wanaume ambao kwa mikono yao wenyewe waliyapakia makalavati yale kwenye tela, nawajua mmoja mmoja, wanakula chapati zangu. Walitazama ndala zao. Nilitoka kabla ya kufunga mkutano, na njiani nikalia kwa hasira, maana huzuni yake nilishaimaliza.

Jumatatu, Machi 17

Mvua. Chapati zimedoda.

Jumamosi, Machi 22

Nimekwenda Mikumi kununua unga na mafuta. Nikapita kwa mchora vibao karibu na stendi na lo, nimekikuta! Kimeegemezwa ukutani kati ya kibao cha saluni na cha fundi pancha. Kijani, herufi nyeupe: BARABARA YA MHE. ONESPHORY MAGOHE, MPIGANIA MAENDELEO.

Nikamwambia mchoraji, "Baba, hapo chini pamebaki nafasi."

"Ya nini mama?"

"Ongeza: KALAVATI LIKO SHAMBANI."

Akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Mama, wewe ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo, Mnyamwezi wa mkonge."

"Nilijua tu! Mtani wangu wewe! Sisi Wasagara mtatuua."

Hivyo tu. Nimesema ukweli mtupu, amecheka, akanipa na kiti nikae. Babu yetu aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge Kilosa, akazikwa huku huku, na wenyeji wetu Wasagara ni watani zetu tangu enzi hizo. Tunatukanana na hakuna kununa. Msibani kwao naweza kujilaza kaburini nikagoma kutoka mpaka nikombolewe, naweza kubeba kiti cha marehemu nikaondoka nacho, na mfiwa haruhusiwi kukasirika wala kuninyang'anya. Ni lazima akomboe. Onesphory naye alikuwa Msagara. Lakini alipokufa Novemba sikwenda kutania, sikwenda kabisa. Sikuwa na kicheko cha kumpelekea.

Jumatatu, Machi 31

Idi. Ashrafu, dereva bodaboda ambaye kijiwe chake kiko mbele ya genge, ameniletea pilau kutoka kwa mama yake. Mwezi mzima wa Ramadhani ameshinda na njaa akinusa maandazi yangu na hakulalamika hata siku moja. Nikamshukuru. Ndipo akasema, huku anaangalia pembeni, kwamba bodaboda wameombwa kuongoza msafara wa mgeni rasmi wakiwa na bendera.

"Na wewe utaenda?"

"Mama Editha, wanatupa mafuta."

Nimekula pilau kwa hasira. Ilikuwa tamu.

Jumapili, Aprili 6

Nimetoka kanisani nikakuta gari jeupe limesimama mbele ya genge. Ndani yake Hildegarda, mjane wa Onesphory. Mwanamke huyu amepita hapa miaka yote na vioo vimefungwa. Hata siku tulipomzika Marselina alituma mtu na sukari. Leo ameshuka. Viatu vyeupe, kwenye tope hili!

Nikasema, "Shikamoo dada," kwa kuwa ni mkubwa kwangu na mama yetu alitufundisha.

"Marahaba, mtani. Hujambo?"

Mtani! Nikamwekea kiti, nikakifuta kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

Akakaa. Akazungusha pete yake kidoleni. "Editha, msiba wa mume wangu ulipoa. Wanyamwezi wote hawakuja. Watu wamekaa kama wanasubiri basi. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyelala kaburini. Mtu mzima anazikwa kimya kama mhalifu?"

Nikakunja kitambaa nilichofutia kiti.

"Sasa naomba siku ya kibao uje umtanie. Wewe ndiye Mnyamwezi mkubwa wa hapa. Njoo umtukane, watu wacheke, nafsi yake itulie."

"Dada Hildegarda, unajua unamwomba nani?"

"Namwomba mtani wangu."

Akaondoka. Hakutaja makalavati, hakutaja Marselina. Amekaa kwenye kiti cha Marselina, ananiomba nimchekeshee mumewe! Nimeosha kile kiti kwa sabuni.

Jumatatu, Aprili 7

Bado nina hasira. Nimemgombeza Siwema kwa ajili ya kijiko. Nimemwomba msamaha.

Alhamisi, Aprili 10

Maji yalishuka saa za asubuhi, kidogo tu, yamefika magotini. Niliweka khanga. Siwema hakwenda shule. Wa kulipia siku zake za shule zinazopotea ni nani? Mpigania maendeleo?

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Tumepalilia kaburi la Marselina mimi na Siwema.

Alhamisi, Aprili 24

Kibao kimeletwa na kusimamishwa, kimefunikwa kitambaa cha bluu kinachong'aa. Upepo ukikivuta naona miguu yake miwili ya chuma. Mbuzi wamekizunguka kama wanamtafuta mtu wanayemjua.

Usiku wa jana nimefikiri jambo. Hildegarda mwenyewe amenialika. Mjane kaniita kwa mdomo wake, mbele ya Ashrafu. Basi nitakwenda.

Jumamosi, Aprili 26

Leo niandike yote.

Turubai mbili, viti vya plastiki, spika kubwa. Bodaboda wamekuja wakipiga honi na bendera, Ashrafu wa mbele kabisa. Mgeni rasmi akaketi, Nickson pembeni yake, Hildegarda amevaa kitenge kipya cha sare ya familia. Hotuba. Marehemu alikuwa hivi, marehemu alikuwa vile. Mimi nimekaa nyuma na khanga nyekundu ya Marselina mapajani. Jua kali. Nasikiliza milima.

Mgeni rasmi akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, vigelegele. Nikainuka.

Nimeingia katikati kwa kilio cha watani, mikono kichwani: "Yuko wapi huyo Msagara! Yuko wapi mla mizizi ya porini! Amekufa bila kuniaga!" Watu wakapasuka. Spika ikazimwa. Mama mmoja akapiga kigelegele, "Mtani amefika!" Hildegarda akaficha uso kwa furaha. Nikaenda hadi kwenye kibao, nikakipiga kofi.

"Onesphory! Umetembea na makalavati ya watu! Makalavati manne, umeyazika shambani kwako, miwa yako ivuke salama na sisi tuogelee!"

Kicheko! Watu wanaanguka kwenye viti.

"Mdogo wangu Marselina alikuuliza, ukamwambia ni kwa muda. Muda gani huo? Amekufa kwenye maji haya haya, na unga wake kichwani, na makalavati yako kwako yanapitisha maji ya mtaro!"

Wakacheka. Wallahi wakacheka! Mgeni rasmi alipiga makofi akamwambia Nickson, nimesikia kwa masikio yangu, "Utani ni tunu yetu, usipotee." Mzee yule wa mkutanoni, aliyesema tumwache apumzike, alikuja akicheza na kutupa noti miguuni pangu. Nimesema kila kitu, mchana kweupe, mbele ya mkubwa kutoka Kilosa, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Nikatamani niokote jiwe.

Sikuokota jiwe. Nikapanda juu ya lile zege lao zuri, nikakunjua khanga, nikakifunika kibao chote na kuifunga nyuma mafundo mawili. Jina likapotea.

"Nimemkamata!" nikapiga kelele. "Huyu ni wangu mpaka mnikomboe!"

Wakazidi kucheka. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, "Haya wafiwa, mkomboeni baba yenu! Mtani anataka nini?" Wakaleta soda. Nikakataa. Wakaleta jogoo, amefungwa miguu. Nikakataa. Wakaongeza noti.

"Sitaki kuku, sitaki soda. Nataka makalavati yangu. Yarudi hapa korongoni, yafukiwe, na siku nitakayoona maji yanapita ndani yake, nitamfungua kwa mkono wangu. Kabla ya hapo asiguse mtu."

Kicheko kilianza kufa kutoka upande wa kushoto, walikokaa wale wapakiaji. Kikafa mstari kwa mstari. Mshereheshaji alijaribu neno la mzaha, halikupata mtu. Nikamtazama Hildegarda. Hakuwa anacheka tena. Alinitazama mimi, akaitazama khanga, na nadhani ndipo alipoitambua, maana hakuna mwanamke wa barabara hii asiyeijua khanga ile.

Hakuna aliyenigusa. Sheria ni sheria. Mgeni rasmi akaangalia saa, akasema ana ratiba nyingine. Wamepiga picha ya pamoja, na katikati yao amesimama Mheshimiwa Onesphory amevaa khanga.

Jumapili, Aprili 27

Khanga ipo.

Jumatano, Aprili 30

Khanga ipo. Mvua kubwa. Nimesikia wengine wanasema nimewaaibisha, wengine wananunua chapati mbili mbili wasizozihitaji. Ashrafu amesema abiria wanaomba kushuka waione.

Ijumaa, Mei 2

Nickson amekuja peke yake, kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. "Shikamoo mama." Sikuitikia. Akakaa hivyo hivyo.

"Mama, nimepigiwa simu kutoka juu. Wanataka kile kitambaa kitoke leo. Nimewatuma vijana wawili, wamekataa, wanasema ni cha watani, watapata mkosi. Nimewauliza wazee, wameniambia nisithubutu. Mimi kwetu mambo haya siyajui."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimewajibu kwamba mvua imekata barabara, nitalishughulikia baadaye." Akanywa chai. Halafu akasema taratibu, "Nimekwenda kuyaona yale makalavati, mama. Yana namba za mradi ubavuni. Hayajafutwa hata."

Alipoinuka kuondoka nikamwita. "Nickson."

"Naam mama."

"Marahaba."

Akacheka kidogo, akaenda zake kwenye tope.

Jumanne, Mei 6

Ee Mungu wangu.

Jua lilikuwa kali leo, la kuanikia. Watoto wako shule. Alasiri simu ikalia, Sapit anahema: "Mama Editha, maji! Makubwa! Yameshapita boma!" Nikaruka kuchukua khanga kwenye msumari wake. Msumari mtupu. Khanga iko kwenye kibao, iko pale pale tangu Jumamosi ile, juu, nyekundu, kila mtoto anaiona akienda na akirudi. Watoto wameizoea! Imekuwa haisemi kitu tena!

Nimekimbia hadi ukingoni. Ng'ambo wanashuka, kundi zima la sare, Siwema wa mbele ameshika viatu mkononi. Nikapiga kelele, "Rudini! Rudini! Maji!" Nikapunga mikono yote miwili. Na wao wakanipungia! Wanacheka, wananipungia, wanadhani nawasalimia. Siwema akatia mguu mchangani. Ashrafu akawasha pikipiki akaishikilia honi, na wao wakazidi kupunga.

Nikasikia ngurumo chini ya miguu.

Nyuma ya watoto likatokea gari jeupe linatoka Mikumi. Likafunga breki, mlango ukafunguka kabla halijasimama. Hildegarda. Sijui alielewaje, labda alinisoma mdomo, labda naye alisikia. Aliteremka ule mteremko kwa viatu vyake vyeupe, akaanguka, akainuka, akamkamata Siwema kwa kola na mwingine kwa mkoba, akawavuta kinyumenyume huku anawafokea wengine kwa Kisagara. Maji yakaja. Yalikuja na gogo na mabua na mbuzi mzima. Kiatu kimoja cha Siwema kilimponyoka, nikakiona kinapita mbele yangu.

Nilikaa chini kwenye tope. Nilijilaani. Niliitwaa khanga ya kuonya watu nikaifanya ya kugombana na marehemu, na ilibaki kidogo sana nimpoteze mtoto wa Marselina pale pale. Nimejilaani, halafu nikamlaani Onesphory, halafu nikajilaani tena.

Tulikaa hivyo hadi jua likawa linazama, Hildegarda ng'ambo ile na watoto wamemzunguka, mimi ng'ambo hii, maji katikati yakinguruma, hakuna awezaye kumsikia mwenzake. Tulitazamana tu. Alikuwa na tope hadi kwenye nywele.

Maji yalipopungua akavuka amemshika Siwema mkono, kitenge amekichomeka kiunoni. Akanikabidhi mtoto. Nikasema, "Ahsante dada." Akauliza, "Marselina alikuwa amesimama wapi?"

Nikamwonyesha. Akapatazama.

"Mimi napita juu ya yale makalavati kila siku," akasema. "Kila siku, Editha."

Jumatano, Mei 7

Nimenunua kitambaa kingine chekundu, cha kuonyea. Nimekifunga kwenye mti wa Marselina, kimelala chini, kinasubiri. Siwema hana viatu.

Jumamosi, Mei 10

Trekta! Lile lile! Nilidhani macho yananidanganya. Limekuja taratibu, tela limelemewa, na juu ya makalavati manne wamekaa wanaume wale wale waliokuwa wanatazama ndala zao mkutanoni. Wakashuka na sururu na makoleo bila kunitazama usoni. Nickson amekuja na fundi, akavua shati. Ashrafu amebeba mawe kwa pikipiki kutoka asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyempa mafuta.

Nimewapikia wote. Ugali, maharage, mchicha. Mmoja wa wapakiaji alisimama mbele yangu na sahani yake akasema, "Mama Editha, kuhusu siku ile..." Nikamwambia, "Kula kwanza, halafu chimba." Sijawasamehe. Wakimaliza kazi nitafikiri.

Jumatano, Mei 14

Mvua ilinyesha milimani usiku. Asubuhi Sapit akapiga simu, tukasimama wote ukingoni. Maji yakaja, yakagonga ukuta mpya, yakazunguka kidogo yakiitafuta njia yake ya zamani, halafu yakainama yakaingia ndani ya makalavati na kutokea upande wa pili. Juu palikuwa pakavu. Ashrafu akapita na pikipiki, akageuza, akapita tena.

Hildegarda alikuwepo, amevaa ndala leo. Akaja mbele yangu, watu wote wanatazama, akasema kwa sauti, "Mtani, nimeleta ulichotaka. Makalavati ya Marselina haya hapa. Mume wangu aliyachukua, mimi nimeyarudisha. Sasa nipe mtu wangu."

Mume wangu aliyachukua. Amelisema, na hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo uchungu ulipo, na hakuna wa kumlalamikia, maana sheria niliiweka mwenyewe. Mtani akishakombolewa anaachia, na habari ile hairudii tena. Nikapanda juu ya zege. Mafundo yalikuwa yamekaza kwa mvua na jua, nikayang'ata kwa meno. Khanga ikatoka, imepauka. Jina likarudi, lote, herufi nyeupe kubwa. MPIGANIA MAENDELEO. Nilikuwa nimepata nilichotaka na bado nilitamani kukichana kile kibao kwa kucha.

Nikashuka, nikakunja khanga. Watu wakaanza kutawanyika. Hildegarda alisimama chini ya kibao, chini kabisa ya jina la mumewe, akatoa simu kumpigia dereva wake.

"Uko wapi wewe?" akasema. "Njoo unichukue basi. Hapana, sipo nyumbani. Niko hapa Kwa Marselina."

Hakujua hata alichosema. Nikamletea kiti akae, akisubiri gari.